Akiba na Amana

Mseminari anayesoma Kiingereza atakutana na maneno mawili yanayofanana: repository na depository. Yote mawili hutaja mahali pa kuweka kitu kisipotee. Upesi tutayatafsiri kwa neno ghala. Lakini tukitafuta mizizi yao katika Kilatini, tutaona kwamba ghala halitoshi.

Neno la kwanza latoka katika reponere, yaani kurudisha kitu mahali pake. Kwa Waroma wa kale repositorium lilikuwa sinia kubwa la kuletea vyakula mezani. Waingereza walilitumia neno hilo kwa nyumba ya kutunzia vitabu, hati na vitu vya thamani. Wakatoliki wao huita hivyo hata altari ya Alhamisi Takatifu, panapowekwa Ekaristia mpaka ibada ya Ijumaa.

Neno la pili latoka katika deponere, nalo lilitumika kwa kitu kinachowekwa mkononi mwa mwingine. Katika Institutiones za Kaisari Justinianus, za mwaka 533, sheria ya Waroma ni kali: aliyewekewa kitu akikitumia kwa faida yake mwenyewe, amekuwa mwizi, hata asipokiuza. Sisi tuna neno linalofaa: amana. Akiba ni yangu. Amana ni ya mwenzangu.

Tena amana haifichwi milele. Mwezi wa Desemba 1941, walipokwisha kuingia vitani, Wamarekani walipeleka Tangazo lao la Uhuru na Katiba yao Fort Knox, katika depository ya dhahabu ya serikali. Mwaka 1944 hati hizo zilirudi Washington, na wananchi wakaziona tena.

Mtume Paulo alimwagiza Timoteo ailinde amana. Biblia ya Kilatini yasema depositum. Ndiyo imani tuliyoipokea, wala si mali yetu ya kugeuza tupendavyo.

Lakini kuna amana ndogo pia katika kabati la parokia. Mwaka 1964 misheni nyingi za mashariki ya Kongo ziliporwa. Kitabu cha batizo kikipotea, Mkristu anayetaka ndoa sherti atafute mashahidi wa ubatizo wake, na labda wazee wamekwisha kufa. Kwa hiyo, ndugu mapadri na wakatekista, tuandike vizuri, tufunge kabati, na tupeleke nakala kwa Askofu kila mwaka. Majina yale si akiba yetu. Wenyewe watakuja kuyauliza, pengine sisi tukiwa kaburini.