Trent Richardson: mkimbiaji aliyetolewa kwa ahadi ya mwaka ujao

Jumatano tarehe 18 Septemba mwaka 2013, katikati ya juma la mazoezi, klabu ya Cleveland Browns ya jimbo la Ohio nchini Marekani ilitangaza kwamba imemtoa Trent Richardson kwa klabu ya Indianapolis Colts. Richardson alikuwa na umri wa miaka 23. Msimu ulikuwa umechezwa mechi mbili tu, na haikuwa imetimia hata miaka miwili tangu Cleveland imchague akiwa wa tatu miongoni mwa vijana wote waliokuwa wakiingia katika ligi ya NFL.

Cleveland haikupewa mchezaji badala yake, wala haikulipwa fedha. Ilichopewa ni zamu: haki ya Colts ya kumchagua mchezaji mmoja katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa mwezi Mei mwaka 2014. Mchezaji huyo angekuwa nani, hakuna aliyejua. Hata namba ya zamu yenyewe ilikuwa haijulikani, kwani ingetegemea Colts wangemaliza msimu wakiwa wa ngapi.

Kwa wale waliolelewa na kandanda ya Simba na Yanga, au Gor Mahia na AFC Leopards, biashara ya namna hii huonekana ya ajabu. Kwao mchezaji hununuliwa kwa fedha, na pasipo yeye mwenyewe kukubali masharti ya klabu mpya, hahami. Katika kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu, klabu hubadilishana wachezaji kama wakulima wanavyobadilishana mbegu. Ila wachache wenye kifungu maalumu katika mikataba yao, mchezaji haulizwi. Huambiwa, akafunga mizigo.

Utaratibu wa zamu ni mkongwe. Ulipendekezwa na Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, aliyechoshwa na kuona vijana bora wa vyuo vikuu wakikimbilia klabu chache tajiri. Uteuzi wa kwanza ulifanyika mwezi Februari mwaka 1936 mjini Philadelphia, na kanuni yake haijabadilika: klabu iliyofanya vibaya zaidi huchagua mwanzo, na bingwa huchagua mwisho. Kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikuwa mkimbiaji, yaani mchezaji ambaye kazi yake kubwa ni kupokea mpira na kupenya nao katikati ya ukuta wa wapinzani. Eagles walishindwa kuelewana naye kuhusu malipo, wakaiuza haki yao juu yake kwa Chicago Bears. Nao Bears hawakufaulu, na Berwanger hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Basi zamu ya kwanza katika historia ilimwendea mkimbiaji, ikabadilishwa, na haikumfaa yeyote katika uwanja.

Mfano ambao viongozi wa klabu wameukumbuka zaidi, hata hivyo, ni wa mwaka 1989. Mwezi Oktoba mwaka huo Dallas Cowboys, waliokuwa katika hali mbaya mno, walimtoa mkimbiaji wao mashuhuri Herschel Walker kwa Minnesota Vikings. Walipata wachezaji watano na mkururo wa zamu, zikiwamo za raundi ya kwanza za miaka mitatu iliyofuata. Dallas walimaliza msimu huo kwa kushinda mechi moja na kupoteza 15. Lakini zamu hizo ziliwasaidia kumpata Emmitt Smith mwaka 1990, na katika misimu ya 1992, 1993 na 1995 walitwaa ubingwa wa Super Bowl. Minnesota hawakuambulia kombe lolote. Tangu hapo kila kiongozi mpya anayerithi klabu dhaifu huota kuwa Dallas wa pili, na jicho lake la kwanza humwangukia mkimbiaji.

Emmitt Smith alistaafu akiwa amekimbia yadi 18,355, nyingi kuliko mkimbiaji yeyote wa ligi hiyo. Alisoma shule ya sekondari ya Escambia mjini Pensacola, Florida. Trent Richardson naye alitoka shule hiyo hiyo. Akiwa Chuo Kikuu cha Alabama alitwaa ubingwa wa taifa mara mbili, na katika msimu wa mwaka 2011 alikimbia yadi 1,679 na kupata tuzo ya Doak Walker, ambayo hupewa mkimbiaji bora wa vyuo. Cleveland walimtamani kiasi kwamba mwezi Aprili mwaka 2012 waliwapa Minnesota zamu tatu za raundi za chini ili wapande kutoka nafasi ya nne hadi ya tatu, wasije wakapokonywa.

Msimu wake wa kwanza haukuwa wa aibu. Huku akiuguza mbavu, alikimbia yadi 950 na kufunga mara 11 kwa kukimbia. Hizo zilipita yadi 942 za Jim Brown, gwiji wa klabu hiyo, alizopata alipokuwa mgeni katika ligi mwaka 1957. Ila ndani ya takwimu hizo kulikuwa na doa: kila alipobeba mpira alipata wastani wa yadi 3.6 tu. Brown mwenyewe alikwisha kusema, siku zile kijana huyo alipochaguliwa, kwamba hakuona kwake jambo lolote lisilo la kawaida. Wengi walidhani ni wivu wa mzee.

Kilichomponza Richardson, hata hivyo, hakikutokea uwanjani. Mwaka 2012 Browns walinunuliwa na mfanyabiashara Jimmy Haslam, na waliomchagua mkimbiaji huyo wakaondolewa. Mahali pao wakaja Joe Banner na Michael Lombardi, na mwalimu mpya Rob Chudzinski. Richardson hakuwa chaguo lao. Walimkuta, kama mtu anavyozikuta fanicha za mpangaji aliyetangulia. Waliamini, na hawakuwa peke yao, kwamba mkimbiaji ni bidhaa inayochakaa upesi kwa sababu ya mapigo anayopata, na kwamba mchezo ulikuwa umehamia kwenye kurusha mpira. Katika uteuzi wa mwaka 2013 na ule wa 2014 hakuna mkimbiaji hata mmoja aliyechaguliwa katika raundi ya kwanza.

Indianapolis kwa upande wao walikuwa na haraka. Walikuwa na Andrew Luck, mrushaji mkuu aliyechaguliwa wa kwanza katika uteuzi ule ule wa Richardson, na mkimbiaji wao Vick Ballard alikuwa ameumia goti vibaya. Tena bei ilivutia: sehemu kubwa ya mkataba wake wa miaka minne, wenye thamani ya takriban dola milioni 20, ilikuwa imekwisha kulipwa na Cleveland. Ryan Grigson, meneja mkuu wa Colts, alionekana kuwa amefanya jambo la ujasiri. Huko Cleveland mashabiki walilalamika kwamba klabu imeamua kushindwa kwa makusudi.

Mara ya kwanza Richardson alipopewa mpira akiwa na Colts, dhidi ya San Francisco 49ers tarehe 22 Septemba, alifunga. Baada ya hapo, hakuna kilichokwenda sawa. Katika mechi 14 alibeba mpira mara 157 akapata yadi 458, wastani wa 2.9. Ingeweza kusemwa kwamba walinzi waliomtangulia walikuwa dhaifu, lakini mwenzake Donald Brown, akikimbia nyuma ya ukuta ule ule, alipata wastani wa yadi 5.3. Mechi ya mtoano ya Januari 2014 dhidi ya Kansas City Chiefs, Richardson aliudondosha mpira mara yake ya kwanza kuubeba. Colts walishinda 45 kwa 44, bila msaada wake. Mwaka uliofuata hakupanda sana, na mwezi Machi mwaka 2015 aliachwa.

Je, Cleveland ndio waliofaidi? Kwa wiki chache ilionekana hivyo. Walimsajili Willis McGahee, mkimbiaji mkongwe wa miaka 31, wakashinda mechi tatu mfululizo. Kisha wakaporomoka na kumaliza wakiwa wameshinda nne na kupoteza 12. Chudzinski alifukuzwa Desemba, na mwezi Februari mwaka 2014 Banner na Lombardi nao wakaondoka. Waliopanda mbegu hawakuwapo wakati wa mavuno.

Colts walikuwa wamefanya vizuri, kwa hiyo zamu ile ikawa namba 26, karibu na mkia wa raundi. Tarehe 8 Mei uongozi mpya uliiunganisha na zamu ya raundi ya tatu, ukaipeleka Philadelphia na kupata namba 22. Ni namba ile ile ambayo mwaka 2012 klabu ilimchagulia mrushaji Brandon Weeden, aliyekwisha kuachwa. Safari hii walimchagua Johnny Manziel wa Texas A&M, mchezaji wa kwanza kupata tuzo ya Heisman akiwa katika mwaka wake wa kwanza wa kucheza chuoni. Manziel alianza mechi nane tu katika misimu miwili, akashinda mbili, na mwezi Machi mwaka 2016 aliachwa, mwaka mmoja baada ya Colts kumwacha Richardson.

Kwa miaka mingi wachambuzi waliitaja Cleveland kuwa mshindi wa biashara hiyo kwa kuwa ilimtoa mchezaji asiyefaa ikapata kitu. Hukumu hiyo ina ukarimu uliopita kiasi. Kumtambua mapema mchezaji aliyefikia ukomo wake ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ilihitaji watu watakaobaki kazini muda wa kutosha kuitumia zamu kwa busara. Mwaka 1989 Dallas walikuwa na mwalimu Jimmy Johnson, aliyeuza na ndiye aliyechagua. Cleveland kati ya mwaka 2012 na 2014 waliomchagua Richardson, waliomtoa na waliomchagua Manziel walikuwa makundi matatu tofauti.

Richardson mwenyewe alijaribu Oakland na Baltimore, na kote aliachwa kabla ya msimu kuanza. Mwaka 2019 aliibuka katika ligi mpya ya AAF, akiichezea Birmingham Iron katika jimbo la Alabama alikosomea. Alifunga mara 11 kwa kukimbia, akiongoza ligi nzima, ingawa wastani wake ulikuwa yadi 2.9, kama ule wa Indianapolis. Mwezi Aprili ligi hiyo iliishiwa fedha, ikafungwa kabla ya msimu wake wa kwanza kumalizika.