Uingereza: Wenye ulemavu wa akili washirikishwa katika utafiti wa huduma za mwisho wa maisha

Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Bristol uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kuwa nchini Uingereza wanaume wenye ulemavu wa akili walifariki miaka 13, na wanawake miaka 20, mapema kuliko watu wengine. Hata hivyo, tafiti nyingi za huduma kwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona ziliwaacha kando, kwa dhana kwamba hawawezi kutoa ridhaa wala kuzungumzia kifo.

Sheria ya mwaka 2005 inayotumika England na Wales humhesabu kila mtu mzima kuwa ana uwezo wa kujiamulia hadi ithibitike vinginevyo, na sharti kwanza asaidiwe kuelewa. Asiyeweza kuridhia hushirikishwa kwa masharti: jamaa au mlezi huombwa ushauri, na mhusika akionyesha kukataa, huondolewa.

Profesa Irene Tuffrey-Wijne alifuatilia maisha ya watu 13 wenye ulemavu huo waliougua saratani. Katika Chuo Kikuu cha Kingston, baadhi ya watu wenye ulemavu wa akili wamewahi kuajiriwa kama watafiti. Wasiposikilizwa wenyewe, maumivu yao hubaki kukisiwa na wengine.