Nani Apewe Barua?

Tuanzie Kibirizi, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Hapo ndipo boti za abiria huondokea kwenda Mwamgongo hadi Kagunga, mpakani na Burundi. Mwenye busara, akiwa na kifurushi cha nduguye, hampi nahodha yeyote tu. Humtafuta yule ambaye mizigo yake ya nyuma ilifika.

Busara hiyo ina historia yake pwani hii. Livingstone aliingia Ujiji mwezi Machi 1869 akiwa mgonjwa, akakuta sehemu kubwa ya shehena yake imekwisha ibwa. Akaandika barua nyingi za kwenda pwani. Chache mno zilifika. Njia ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara ambao hawakupenda habari za biashara ya watumwa zifike Zanzibar na Uingereza. Mwaka 1872, alipoagana na Stanley karibu na Tabora, alimkabidhi barua na kitabu chake cha kumbukumbu kilichotiwa lakiri. Safari hiyo vilifika, ingawa waliovibeba hasa ni wapagazi, ambao vitabu huwataja kwa nadra. Bahari haikuwa imesogea karibu. Aliyebadilika ni mchukuzi.

Swali hilohilo la mchukuzi linawashughulisha wataalamu wa leo wanaotawanya vyombo vidogo vya kupimia joto, upepo au maji, kila kimoja na betri yake na redio yake, bila waya. Redio ni mlaji mkubwa wa betri. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu ya kurusha hutakiwa mara nne hata mahali peupe. Karibu na ardhi huzidi hapo. Kwa hiyo vyombo hupokezana, kila kimoja kikimrushia jirani. Lakini kusikiliza nako hula betri, na kile kilicho jirani na kituo cha kupokelea hubeba mizigo ya wote, kikafa kwanza. Mwaka 2000 watafiti wa MIT, Marekani, walitoa utaratibu uitwao LEACH, ambamo kazi ya kukusanya habari za kundi na kuzirusha mbali hufanywa kwa zamu. Vijiji vyetu vilijua zamu kabla ya betri.

Jaribio linalonivutia zaidi lilifanyika kwa jirani zetu wa Kenya. Januari 2004, katika nyanda za Laikipia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha punda milia wachache mikanda ya shingoni yenye redio, chombo cha kusoma mahali kwa satelaiti, na vipande vya kunasa nguvu za jua. Mradi uliitwa ZebraNet. Wanyama wawili wakikaribiana, mikanda ilipeana kumbukumbu. Mtafiti akipita na gari na kumkuta mmoja, aliweza kupata habari za wengine asiowaona. Walikuwa wamelinganisha njia mbili kwa kompyuta. Ya kwanza ni kumpa nakala kila unayekutana naye: habari hufika, ila betri huliwa ovyo. Ya pili ni kumpa yule tu ambaye siku za nyuma alikutana mara nyingi na gari. Wao wenyewe waliiita njia ya historia. Nayo ina kasoro yake, maana aliyekuwa karibu na gari jana, leo huenda yuko ng'ambo ya kilima.

Turudi ziwani. Mwaka 2003 majarida ya Nature na Science yalichapisha tafiti zilizolinganisha vipimo vya tangu 1913. Zilionyesha kuwa Ziwa Tanganyika limeongezeka joto, na kuwa maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vema na ya chini, yenye rutuba ilishayo mwani, na mwani ndio mwanzo wa chakula cha dagaa na migebuka. Anayetaka vyombo vya kudumu humo, vitoe habari kila siku, na ahesabu vizuri. Betri ni bei ndogo. Kikizimika chombo kinachoelea mbali na Kibirizi, sharti ikodiwe boti, inunuliwe petroli. Na upepo mkali wa kusini ukivuma, nahodha haondoki.