Jumapili ya Mwisho Kabla ya Muhula wa Tatu

Mwaka wa fundi wa sare za shule huanza Novemba, wazazi wa kwanza wanapoleta watoto kupimwa. Desemba ni magauni ya Krismasi. Januari ni sketi za marinda na kaptura, usiku na mchana, na mama yangu, aliyekuwa na cherehani yake ya Singer kwenye kibaraza cha duka pale Kawangware, alilala saa chache sana wiki hizo. Krismasi yenyewe ilikuwa ya ushago: baba, karani wa reli, alipata tikiti kazini, tukapanda garimoshi la Kisumu kwenda Maragoli, na mama akatutangulia kurudi Nairobi ili awahi oda zake. Likizo ya Aprili ilikuwa ya mvua na matope. Tukabaki na Agosti.

Agosti ya Nairobi huanza vibaya. Baridi ya Julai bado haijaondoka, wingu limelala juu ya paa tangu asubuhi, na nguo zilizoanuliwa jioni zina unyevu uleule wa asubuhi. Lakini mwezi unapokaribia kwisha jua hurudi, na kazi ya fundi huwa nyepesi: kushusha pindo la mtoto aliyerefuka, kubadilisha zipu, kutia kiraka kwenye makalio ya kaptura ili ifike Novemba. Mama alimaliza pindo la mwisho Jumamosi jioni, akaifunika cherehani kwa kitambaa, na Jumapili baada ya ibada tukaenda tao sote.

Sasa cherehani ni yangu, na nimeshona miaka mingi kuliko yeye. Nataka kuiandika historia ya matembezi hayo, kwa maana nilipokuwa mtoto nilidhani yamekuwepo tangu zamani, kama mto. Ukweli ni kwamba wazazi wangu walikuwa kizazi cha kwanza katika ukoo wetu kuweza kuyafanya.

Babu, mzazi wa baba, alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu mmoja Kileleshwa kabla ya vita vya pili vya dunia. Alivaa kipande shingoni, kile kikopo cha chuma chenye karatasi ya alama za vidole ambacho tangu miaka ya mwanzo ya 1920 kila mwanaume Mwafrika alilazimishwa kukibeba. Bibi aliishi Maragoli na watoto. Hilo halikuwa chaguo lao. Serikali ya kikoloni ilimtaka mfanyakazi Mwafrika awe Nairobi peke yake, alipwe mshahara wa mtu mmoja, alale chumba cha nyuma cha mwajiri au kitanda cha kupanga Pumwani, na siku kazi ikiisha arudi kwao. Mji uligawanywa kwa rangi: magharibi, kwenye vilima na miti, Wazungu; Parklands na Ngara, Wahindi; mashariki, bondeni, Waafrika. Nyumba za familia za Kiafrika kama zile za Kaloleni zilianza kujengwa miaka ya 1940 tu, na zilikuwa chache mno. Bustani zilikuwepo. Arboretum ilianzishwa mwaka 1907, na bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa umma na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka mmoja kabla. Babu alipita kando ya Arboretum mara nyingi akitoka sokoni na kikapu cha mwajiri. Baba alisema hakumbuki kumsikia mzee akisimulia hata siku moja aliyotembea Nairobi na mkewe.

Mambo mawili ndiyo yaliyoifanya Jumapili yetu iwezekane. La kwanza ni mipaka. Mwaka 1963 mji ulipanuliwa ukafikia karibu kilomita za mraba 690, na Dagoretti yote, pamoja na Kawangware na Riruta, ikaingia ndani. Baba alipanga nyumba Kawangware mwaka uliofuata, mwaka niliozaliwa, akamleta mama. La pili ni Mei 1969, Mzee Kenyatta alipofungua Uhuru Park: takriban hekta 13 za nyasi katikati ya mji, na ziwa la kuchimbwa, mahali ambapo mtu wa Kawangware angeweza kukaa chini na watoto wake bila kununua chochote na bila mtu kumuuliza anafanya nini hapo.

Tulipanda basi la KBS, kampuni iliyokuwa ikisafirisha watu Nairobi tangu 1934. Mama alibeba chapati zilizofungwa kwa kitambaa, mayai ya kuchemsha na thamosi ya chai. Kula hotelini hakukuwa katika mpango, na sikumbuki mtu aliyelalamika.

Kituo cha kwanza kilikuwa makumbusho, nasi tulikwenda kwa miguu kutoka tao ili baba apate kusimulia. Njia inapita karibu na Central Police Station na hoteli ya Norfolk. Hapo alituonyesha mahali umati uliposimama tarehe 16 Machi 1922 kudai Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni, aachiliwe kutoka kizuizini, na jinsi Mary Muthoni Nyanjiru alivyowaaibisha wanaume waliokuwa wanasitasita, na jinsi risasi zilivyopigwa. Serikali yenyewe ilikubali kwamba watu 21 walikufa. Alilisimulia hili kila mwaka kwa maneno yaleyale. Dada yangu mdogo alikuwa akimtangulia kwa jina la Nyanjiru, naye baba hakukasirika.

Makumbusho yalifunguliwa 1930 kwa jina la Coryndon, gavana mmoja wa kikoloni, na baada ya uhuru yakawa Makumbusho ya Taifa. Kwetu yalikuwa nyumba ya Ahmed. Ahmed alikuwa tembo wa Marsabit mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, na Mzee Kenyatta alitoa amri ya rais alindwe na askari mchana na usiku. Alikufa 1974, na sanamu yake ya ukubwa kamili ikasimamishwa uani. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Nilisimama chini ya pembe ile nikaelewa, kwa mara ya kwanza, kwamba mnyama anaweza kuwa na jina, walinzi na kifo kinachotangazwa redioni. Baadaye tulivuka kwenda kuona nyoka. Mama alitungoja nje. Chatu nyuma ya kioo alikuwa bado chatu, alisema.

Kisha KICC, jumba la mikutano ya kimataifa. Ninalikumbuka jengo hilo likiwa jipya, kwani lilimalizika 1973, na Septemba ya mwaka huo ukafanyika humo mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Ghorofa 28, na umbo la duara ambalo wengi wetu tuliliona ni kama gunzi la hindi. Michoro yake ni ya Karl Henrik Nøstvik wa Norwe na David Mutiso, msanifu Mkenya. Uwanjani ameketi Mzee Kenyatta wa shaba, kazi ya mchongaji James Butler, na mbele ya sanamu hiyo walisimama wapiga picha.

Wapiga picha wale wanastahili kitabu chao. Walikuwa wanaume wenye koti hata jua likiwaka, kamera imening'inia kifuani, na albamu ndogo ya vielelezo mkononi ili ujue wanajua kazi. Walipanga familia kwa sauti ya mwalimu wa gwaride. "Mzee, simama kulia. Mama, shika mtoto mdogo. Wewe msichana, mikono chini." Ulilipa nusu, ukaandika anwani ya posta nyuma ya kikaratasi, na picha ikaja baada ya wiki, au baba akaipitia mwenyewe akitoka kazini. Hakuna karatasi ninayoiamini kuliko picha hizo. Ukizipanga mezani kwa miaka unaona pindo la gauni langu likishuka, alama ya mshono wa zamani ikibaki kama mstari hafifu juu ya goti. Unaona viatu vyangu vya Bata vikihamia miguuni mwa dada. Unaona mwaka ambao baba alinyoa masharubu. Katika zote mama ametazama kamera moja kwa moja bila kutabasamu, kwa sababu kwake picha ilikuwa ushahidi. Leo wapiga picha bado wapo palepale, na wanachapa picha ukingali umesimama. Kazi yao imerahisika, lakini wateja wana simu.

Mwisho wa siku ulikuwa Uhuru Park. Tulikula chapati kwenye mteremko, tukatazama boti zikizunguka ziwani, na ikiwa fedha imebaki tukapanda. Wauza aiskrimu walipita na baiskeli. Nisemalo hapa nalisema kwa uzito: sijaona mahali pengine Nairobi ambapo Mhindi wa Ngara, karani wa Kawangware, yaya wa Kileleshwa siku yake ya mapumziko na askari aliyevua kofia walikaa nyasi moja, kila mmoja na chakula chake, mchana kutwa.

Agosti 1985, tarehe 18, Papa Yohane Paulo wa Pili aliongoza misa pale wakati wa Kongamano la Ekaristi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, nimeanza kushona kando ya mama, na tulikwenda ingawa sisi si Wakatoliki. Watu walifunika kilima chote.

Miaka minne baadaye ikatangazwa kwamba jengo la ghorofa 60 litasimama ndani ya bustani hiyo, na sanamu ya Rais Moi mbele yake. Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, aliandika barua za kupinga. Alitukanwa bungeni, na vuguvugu lake la Green Belt likafukuzwa ofisini. Naomba wasomaji vijana wapime uzito wa jambo hili: mwaka 1989 hakuna aliyepinga serikali waziwazi bila kuhesabu gharama, naye alipinga kwa ajili ya nyasi za kukalia. Wafadhili wa nje walijitoa, na jengo halikujengwa. Mwaka 1991 Zarina Patel aliokoa bustani ya Jeevanjee, aliyoitoa babu yake, isigeuzwe maegesho ya magari. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula kwenye kona ya Uhuru Park, na polisi wakawapiga. Tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ilitangazwa rasmi katika bustani hiyohiyo, watoto wakiwa likizo, nami niliwapeleka wangu. Nilitaka waone kwamba mahali tunapokula chapati ndipo nchi hii inapokwenda inapotaka kusema jambo kubwa.

Watoto wangu lakini ni wa zama nyingine. Sarit Centre ilifunguliwa Westlands mwaka 1983, na taratibu matembezi ya Agosti yakahamia magharibi na ndani ya paa. Binti yangu anapendelea huko, na hoja zake ni nzito: vyoo visafi, mvua haikupati, mtoto hapotei. Hata usalama huo una jeraha lake. Tarehe 21 Septemba 2013, Jumamosi mchana, magaidi waliingia Westgate, si mbali na Sarit, wakati watoto walikuwa kwenye mashindano ya upishi juu ya maegesho. Watu 67 waliuawa. Kwa muda mrefu baada ya hapo hatukutembea popote.

Kisha kalenda nayo ikavunjika. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na zilipofunguliwa tena miaka ya masomo ilibanwa. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza mwishoni mwa Julai, ule wa 2022 ukaanza mwishoni mwa Aprili, na Januari ilirudi kuwa mwanzo wa mwaka 2023. Miaka ile nilishona sare za mwaka mpya katika baridi kali, na Agosti ikapita watoto wakiwa darasani. Uhuru Park nayo ilifungwa 2021 kwa ukarabati, ikakaa zaidi ya mwaka bila familia. Barabara ya juu ya Expressway, iliyofunguliwa 2022, sasa inapita kando yake. Kwenye njia ya Expressway hiyo, pale Waiyaki Way, uko mti mkubwa wa mugumo ulionusurika kukatwa Novemba 2020 kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta baada ya watu kupiga kelele. Ukipanda matatu namba 23 kutoka Kangemi unaupita.

Likizo ya Agosti imerudi, lakini ni fupi: wiki tatu tu, na shule hufunguliwa kabla mwezi haujaisha, jua likiwa ndiyo kwanza linatoka. Kiingilio cha makumbusho hulipwa kwa simu. Kwa familia ya watu sita, kiingilio, nauli na chakula ni hesabu ya kukaa chini na kalamu, na nadhani hapo ndipo serikali ya kaunti na ya taifa zingesaidia kwa gharama ndogo: wiki ya mwisho ya kila likizo, watoto waingie bure. Nimemwambia mwakilishi wetu wa wadi, na nitamwambia tena.

Mwaka huu mimi na binti yangu tumekubaliana. Asubuhi tutapitia Norfolk kwa miguu mpaka makumbusho, na hadithi ya Nyanjiru ataisimulia mjukuu mkubwa, ambaye anaijua. Mchana tutapanda Westlands kununua vitabu Text Book Centre, kwa kuwa orodha ya shule ni ndefu. Chapati nitapika mimi.