Tiketi za Shoo na Majarida ya Inama: Nairobi Ilivyostarehe, Nairobi Ilivyosahau

Kila mwaka, Septemba inapoelekea ukingoni, Barabara ya Ngong hufurika watu. Wanafunzi waliovalia sare hushuka kwenye mabasi, familia za Kibera, Kawangware na Dagoretti hufika kwa miguu, na wote huelekea malango ya Jamhuri Park. Jina rasmi la maonyesho hayo siku hizi ni Nairobi International Trade Fair, lakini mtaani yangali yanaitwa Shoo. Jioni watoto hurudi na mifuko iliyojaa vikaratasi vya mbegu na mbolea, stika za benki, kofia za karatasi na kalenda. Tiketi iliyowaingiza huwa imekwisha kukanyagwa langoni.

Wakusanyaji wa vitu vya kale hutafuta hasa vitu vya namna hiyo, vilivyochapishwa vitumike siku moja kisha vitupwe: tiketi, programu, beji, majarida, picha za ukumbusho. Marekani biashara hiyo imekomaa. Disneyland, iliyofunguliwa California Julai 1955, iliuza vitabu vya tiketi zenye herufi. A ilikuwa ya michezo midogo, na E, iliyoongezwa mwaka 1959, ya ile mikubwa. Mfumo huo ulifutwa mwaka 1982, na kitabu ambacho hakikuchanwa hata tiketi moja sasa kinagombewa minadani. Nairobi haikuwahi kuwa na bustani ya burudani ya ukubwa huo. Ilikuwa na Shoo.

Na Shoo ina umri unaokaribia ule wa jiji lenyewe. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Miaka miwili baadaye, 1901, walowezi waliunda chama cha kilimo, na mwaka 1902 wakaandaa maonyesho ya kwanza. Chama hicho ndicho asili ya Agricultural Society of Kenya, ASK inayosimamia Shoo hadi leo. Uwanja wa Barabara ya Ngong uliitwa Mitchell Park, kwa heshima ya Sir Philip Mitchell, gavana wa kikoloni kuanzia 1944 hadi 1952, na maonyesho yenyewe yakaitwa Royal Show. Uhuru ulipokuja, jina la gavana liling'olewa, uwanja ukawa Jamhuri Park, na rais wa nchi akawa mlezi wa chama.

Hayo yote yamo kwenye katalogi, vile vitabu vya mwongozo vilivyouzwa kwenye maonyesho. Huorodhesha madaraja ya ng'ombe na kahawa, ratiba ya uwanja mkuu, majina ya washindi na kurasa nyingi za matangazo. Anayeweka katalogi ya enzi za Royal Show kando ya ile ya miaka ya 1970 huona ardhi na mifugo vikipita mikononi mwa wenyeji, ukurasa baada ya ukurasa, kwa majina ya washindi tu. Matangazo nayo husimulia mambo ambayo hayakuandikwa kwenye kitabu chochote cha historia: trekta gani ilisifiwa mwaka gani, sabuni gani iliingia madukani, redio ilivishwa kasha la namna gani. Mwanahistoria wa maisha ya kawaida atapata humo mengi kuliko katika hotuba ya ufunguzi.

Kwa mtoto wa Nairobi, hata hivyo, ng'ombe wa tuzo walikuwa kisingizio. Kilichomnyima usingizi wiki nzima kilikuwa bembea za kuzunguka, gurudumu kubwa la kumwinua juu ya miti ya Ngong, bendi ya jeshi, mbwa wa polisi na waendesha pikipiki. Hakuna mahali pengine ambapo watoto wa mitaa yote, wa Lavington na wa Kawangware, walipanga foleni moja kusubiri kizunguzungu kile kile. Kwa sababu hiyo kipande cha tiketi ya bembea kina uzito wake katika historia ya jiji. Ni ushahidi wa raha ya pamoja, katika jiji lililojengwa kwa kutenganisha watu kwa rangi na, baadaye, kwa mfuko.

Ukifuata Barabara ya Ngong kuelekea Karen unakutana na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, unaotumika tangu 1954. Kadi za mbio zinazochapishwa huko, zenye majina ya farasi, wamiliki na wapanda farasi, ni hazina nyingine iliyopuuzwa. Zenye thamani zaidi ni zile zilizochafuliwa kwa kalamu, mahali mchezaji alipozungushia duara farasi aliyemtegemea au akaandika pembeni dau lake.

Katikati ya jiji, Uhuru Park ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta Mei 1969. Kwa vizazi viwili vya wakazi, Jumapili njema ilikuwa ni kupanda boti kwenye bwawa lake, kula aiskrimu, kupitisha watoto kwenye michezo ya Luna Park, kisha kusimama mbele ya mpigapicha. Luna Park ni jina lililotoka mbali: la kwanza lilifunguliwa Coney Island, New York, mwaka 1903, na baada ya hapo bustani za michezo za nchi nyingi zikaliazima. Dunia huijua Uhuru Park zaidi kwa vita vya Wangari Maathai, aliyepinga mwaka 1989 mpango wa kujenga humo ghorofa 60 za chama tawala na akashinda. Sifa hiyo anastahili. Lakini alichokuwa akikilinda ni ile Jumapili ya boti na aiskrimu, na picha za kuithibitisha zimo kwenye albamu za familia kuanzia Kangemi hadi Kakamega. Nyuma ya nyingi kumeandikwa kwa kalamu majina ya waliopigwa, tarehe, na salamu kwa jamaa wa kijijini. Bustani ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati mkubwa. Sura yake ya zamani sasa imebaki kwenye albamu hizo.

Sinema ziliondoka kimya zaidi. Odeon na Embassy upande wa Latema, Cameo kwenye Kenyatta Avenue, Globe iliyoachia jina lake mzunguko wa magari, Fox na Belle Vue ambako watu walitazama filamu wakiwa ndani ya magari yao: orodha ni ndefu. Baadhi ya kumbi za jiji ziligeuka makanisa. Shan ya Ngara ilibahatika kuwa Sarakasi Dome, makao ya wanasarakasi na wachezaji ngoma. Tiketi za kumbi hizi zilikuwa vikaratasi vyembamba vya rangi, na ni wachache mno waliofikiria kuviweka.

Safari Rally ilipata bahati nzuri kidogo, kwa sababu ilizalisha vitu vya chuma na mashujaa wenye majina. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na magari yakaja kuwa yanaanzia katikati ya jiji huku umati ukifunika barabara. Vibao vya namba vilivyofungwa mbele ya magari, stika na programu za miaka aliyoshinda Joginder Singh, yaani 1965, 1974 na 1976, hutafutwa hadi Ulaya. Vingi vimekwenda huko na havitarudi.

Kwa upande wa majarida, soko la Nairobi liko chini, kando ya barabara. Wauzaji wa vitabu vya mitumba hutandaza bidhaa zao kwenye vijia vya Tom Mboya Street na mitaa jirani, na mnunuzi huinama kuchagua. Ndiyo maana biashara hiyo inaitwa inama. Humo, katikati ya vitabu vya kiada na riwaya za kimapenzi, hutokea nakala ya Drum, jarida lililozaliwa Afrika Kusini mwaka 1951 na kupata toleo la Afrika Mashariki, au kitabu cha Pichadithi, zile ngano zilizochorwa na wasanii kama Terry Hirst na Frank Odoi. Magharibi ya jiji, Soko la Toi karibu na Adams Arcade limekuwa mahali pengine pa kubahatisha. Lakini soko la mabanda ni adui wa karatasi. Toi liliteketezwa katika ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, na mioto mingine imelipitia tangu hapo.

Linalowindwa kuliko yote ni Joe. Jarida hilo lilianzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, likamfanya mhusika wake mwananchi wa kawaida wa mjini anayepambana na kodi ya nyumba, bosi, baa na basi la asubuhi. Lilikuwa na katuni, hadithi fupi na utani wa kuuma. Lilizimika mwaka 1979. Ng'weno huyo huyo alianzisha The Weekly Review Februari 1975, majuma machache kabla ya mauaji ya mwanasiasa J.M. Kariuki, na jarida hilo la siasa likadumu hadi 1999. Hatima za majarida haya mawili zinafaa kutazamwa pamoja. The Weekly Review lilijalidiwa na kuwekwa kwenye rafu za vyuo vikuu ndani na nje ya nchi, na mtafiti yeyote anaweza kulipata. Joe lilipita mkono hadi mkono, kinyozi hadi mteja, hadi likachanika. Nchi ilihifadhi mabishano yake na kuacha kicheko chake kipotee, na hilo ni kosa, kwa sababu Mkenya wa 1975 alikuwa akifanya yote mawili kwa siku moja.

Wapo walioliona kosa hilo mapema. Makumbusho ya Reli, hatua chache kutoka stesheni kuu, yalifunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za Fred Jordan, mfanyakazi wa reli aliyekataa kuona vitu vya kazi yake vikitupwa. Humo mna vyombo vya meza vya mabehewa ya chakula, vifaa vya stesheni, na lile behewa ambamo simba alimchukua afisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka 1900. Jordan alijua kuwa sahani ya abiria ni historia sawa na injini.

Juu ya wote yuko Joseph Murumbi. Alizaliwa mwaka 1911, mtoto wa mfanyabiashara Mgoa na mama Mmaasai, akawa waziri wa mambo ya nje na kisha, mwaka 1966, makamu wa rais wa pili wa Kenya. Alijiuzulu kabla mwaka huo haujaisha, na maisha yake yaliyosalia akayatoa kwa ukusanyaji: vitabu, barua, vinyago, vitambaa, vito, stempu. Mwaka 1972 alishirikiana na Alan Donovan kuanzisha African Heritage, duka na ukumbi wa sanaa uliokuja kujulikana duniani. Katika miaka ya 1970 alikubali serikali inunue mkusanyiko wake badala ya kuuachia wanunuzi wa ng'ambo. Vitabu vyake, vikiwemo takribani 8,000 vilivyochapishwa kabla ya 1900, vimo katika Jumba la Kumbukumbu za Kitaifa, lile jengo la iliyokuwa benki kwenye Moi Avenue ambalo kila abiria hulijua kama Archives. Stempu zake zimo Nairobi Gallery, katika ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa iliyojengwa mwaka 1913. Murumbi alifariki mwaka 1990 na amezikwa City Park, karibu na rafiki yake, mwanasiasa Pio Gama Pinto.

Maelfu hukutana mlangoni pa Archives kila siku bila kuingia ndani. Laiti wangeingia.

Kazi ya sasa ni ngumu kuliko ya Murumbi, kwa sababu karatasi yenyewe inakoma. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na mwaka 2023 serikali ikaanza kuhamishia malipo ya huduma zake, viingilio vya mbuga na makumbusho vikiwemo, kwenye eCitizen. Ushahidi wa kwenda matembezini sasa ni ujumbe wa simu, nao hufutika simu ikiibwa au ikibadilishwa. Hata pale mashine inapotoa tiketi, mara nyingi huwa ni karatasi ya kuchapwa kwa joto, ambayo maandishi yake hufifia baada ya miaka michache, na haraka zaidi ikiachwa juani.

Kuhifadhi kilichobaki hakuhitaji fedha nyingi. Karatasi ya gazeti hugeuka njano kwa asidi iliyo ndani yake, hivyo iwekwe gizani, mahali pakavu, mbali na sakafu ambako mchwa hupandia. Selotepu isiguse tiketi kamwe; gundi yake huacha doa lisilotoka. Laminesheni ni mbaya zaidi, maana haiwezi kuondolewa bila kuiharibu karatasi. Tarehe na mahali viandikwe nyuma kwa penseli, kwa mkono mwepesi. Tiketi ya kuchapwa kwa joto ipigwe picha siku hiyo hiyo. Na kitu kisisafishwe sana: alama ya mkunjo mfukoni ni sehemu ya habari zake.

Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwenye Banda Street na kwa miongo kadhaa ikawafungia Waafrika milango, leo ina magazeti ya zamani ambayo Book Bunk, shirika lililoundwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likiyaingiza kwenye hifadhi ya kidijitali. Ipo sehemu ya kuanzia, basi. Kinachokosekana ni masanduku ya bati yaliyo chini ya vitanda vya Kileleshwa, Kangemi na Uthiru, yenye katalogi za Shoo, nakala za Joe na picha za Uhuru Park. Nyingi ya karatasi hizo huishia jaani wakati wa kuhama nyumba, au huchomwa baada ya matanga. Msomaji mwenye sanduku la namna hiyo alifungue wikendi hii pamoja na mzee wa nyumba, aulize kila karatasi ilitoka wapi, aandike majibu, na asichokihitaji akiulizie Archives au McMillan kabla ya kukitupa.