Dosie ya Kilwa: avoka asiyeomba falanga analeta nini?

Ndugu wanachama, na ninyi wafadhili wetu, kila mara avoka akija kuandika majina bila kuomba falanga, maulizo ni yale yale. Huyu anatafuta nini? Na sisi tukimpa majina, tutapata nini? Historia ya Kilwa inaweza kutujibu.

Tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa, katika teritwari ya Pweto. Kesho yake jeshi la serikali likaurudisha mji. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu wasiopungua 73 waliokufa. Wengine waliuawa bila hukumu yoyote, wakazikwa katika kaburi la pamoja kule Nsensele. Nyumba ziliporwa. Watu walikimbia, wengine wakavuka Ziwa Mweru mpaka Zambia. Kampuni ya Anvil Mining, iliyochimba shaba na fedha kule Dikulushi, ilitoa magari na ndege zilizobeba askari. Yenyewe ilisema jeshi ndilo liliamuru, na kwamba haikufanya kosa.

Mlango wa kwanza ulikuwa mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi. Juni 2007 askari na wafanyakazi 3 wa zamani wa kampuni walionekana hawana hatia juu ya mambo ya Kilwa.

Mawakili wa Australia walijaribu kule kwao, wakaacha, maana walizuiwa kufika Kilwa kuongea na wateja wao. Mlango wa tatu ni Canada. Kesi ilifunguliwa Montréal mwaka 2010. Jaji wa kwanza alikubali kuisikiliza, lakini Januari 2012 mahakama ya rufaa ikakataa: ofisi ya kampuni mjini Montréal ilifunguliwa 2005, mauaji yakiwa yamekwisha kupita. Mahakama Kuu ya Canada nayo haikutaka kuifungua tena.

Wengi wangesema basi, imekwisha. Lakini mwaka ule ule wa 2010 ACIDH ya Lubumbashi, RAID ya Uingereza na IHRDA yenye makao yake Gambia walikuwa wamepeleka malalamiko mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Banjul. Moja ya masharti ya Tume ni hili: umalize kwanza njia za nyumbani, ao uonyeshe kwamba zimezibwa. Hapo ile hukumu ya Lubumbashi, iliyowaliza watu, ikageuka kuwa ushahidi. Karatasi ya kushindwa ikapata kazi.

Uamuzi ulitangazwa 2017. Tume ilisema serikali ya Congo ndiyo yenye kujibu. Iliagiza dola milioni 2.5 kwa wahanga 8 na jamaa zao, serikali iombe watu wa Kilwa msamaha, maiti zifukuliwe na kuzikwa kwa heshima, na uchunguzi uanze upya.

Tuangalie ile hesabu: waliokufa ni 73 ao zaidi, lakini waliotajwa kulipwa ni 8. Juu ya nini? Juu hao ndio majina yao yalikuwa ndani ya dosie. Tume iliomba serikali iwatafute na wengine, lakini mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote atatafutwa namna gani?

Tuseme pia ukweli wa pili. Tume haina polisi wala gereza. Uamuzi ulitoka, falanga hazikutoka pamoja nao, na familia ziliendelea kungoja. Kwa hiyo avoka akikuahidia malipo ya haraka, umuogope. Yule wa kweli atakuambia kwamba ni kazi ya miaka, na kwamba tunaweza kushindwa.

Wafadhili wakiuliza sababu gani tunaomba msaada wa daftari, kopi na nauli za mashahidi, jibu ni Kilwa. Na wewe mwanachama, kabla ya kumpa avoka jina lako, muulize dosie inaenda wapi na nani ataichunga. Kisha andika: nani, siku gani, mahali gani. Na ubaki na kopi nyumbani.