Mkarafuu: Mti Unaobeba Mandhari ya Riwaya

Katika mwaka wangu wa pili kazini mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza swali hili: "Mwalimu, karafuu ni tunda au ni jani?" Nami, niliyekulia penye majani chai na ambaye sikuwahi kuuona mkarafuu, nikamjibu bila kusita kwamba ni tunda. Nilikosea. Makala haya ni masahihisho ya jibu hilo.

Karafuu ni tumba la ua. Huchumwa kabla halijachanua, likianza kuwa jekundu, kisha huanikwa juani hadi likauke. Likichanua, thamani yake hupotea. Basi mavuno hayangoji, na uchumaji ni wa mkono, juu ya mti mrefu. Hapa ndipo botania inapokutana na historia: kila msimu mwenye shamba huhitaji mikono mingi kwa wakati mmoja. Je, mikono hiyo ilitoka wapi?

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, nchini Indonesia. Katika karne ya 18 Wafaransa waliupeleka Mauritius na Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja. Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja mnamo 1840, aliuhimiza sana. Watumwa kutoka bara ndio waliofyeka, wakapanda na kuchuma. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Hata hivyo, ardhi ilibaki kwa wenye mashamba.

Jiografia nayo ilichangia. Mkarafuu hutaka udongo wenye kina na mvua ya kutosha. Magharibi ya Unguja ina udongo huo, ilhali mashariki ni uwanda wa mawe ya matumbawe. Hivyo mstari wa udongo ukawa pia mstari wa matabaka. Isitoshe, tufani ya Aprili 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja; Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu.

Hebu sasa turejee kwenye fasihi. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Adam Shafi anatuchorea mwinyi, watumishi wake na mapinduzi ya Januari 1964. Katika Kuli (1979) anatupeleka bandarini, kwa wapakiaji na mgomo wa 1948. Aghalabu watahiniwa huziona kazi hizi kama visa viwili tofauti. La hasha! Shamba na bandari ni ncha mbili za uchumi mmoja: kilichochumwa shambani kilipita mgongoni mwa kuli kabla ya kufika melini.

Kwa mintarafu hii, mtahiniwa akiandika tu kwamba "mandhari ni Unguja", atakuwa ametaja jina la mahali na kuishia hapo. Sharti aonyeshe mandhari hayo yanavyozaa mgogoro. Kwa mfano, utiifu wa Kijakazi kwa bwana wake ukielezwa kama upole wa tabia pekee, jibu litapwaya. Hatuna budi kuueleza kama matokeo ya mfumo uliomnyima mtu ardhi ukampa ajira ya kutumwa, hata akaudhania kuwa ndio maumbile ya dunia.

Mwalimu mwenzangu, kabla ya kipindi chako kijacho, chukua punje chache za karafuu jikoni, zile za pilau. Ziloweke katika maji ya moto, kisha uwape wanafunzi wafungue kile kichwa cha mviringo. Wataona petali zilizojikunja, ua ambalo halikuruhusiwa kuchanua. Ndipo uwaulize: ni nani mwingine katika riwaya hii ambaye hakuruhusiwa kuchanua? Nakuhakikishia, hutakosa mikono itakayoinuliwa.